Mshale wa R

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza kazi. Wiki tatu zilizopita nilikuwa bado navaa sare ya shule. Leo nimevaa koti la zamani la Baba, mikono nimeikunja mara tatu, linanuka mafuta ya bunduki.

Kazi yenyewe ni kumsaidia Baba, fundi wa bunduki, katika karakana ya klabu ya shabaha. Chumba kimoja kirefu, dirisha la wavu linalotazama uwanja, jiliwa kubwa la kubania vyuma mwisho wa meza, bunduki kumi na mbili zimesimama ukutani kwa namba. Nyumba yetu ni ya klabu, vyumba viwili nyuma ya uwanja. Kwa hiyo safari yangu ya kwenda kazini ni hatua mia moja na nane. Nimezihesabu.

Baba amenitambulisha hivi: huyu binti yangu anaitwa Bubu, mkimsikia anaongea mniite nije nishuhudie. Wamecheka wote. Meneja wa klabu amecheka. Nami nimecheka, ndiyo aibu yenyewe.

Sheria ya kwanza: nisiguse jicho. Kile kitundu cha kulengea kilicho nyuma ya bunduki, karakana wanakiita jicho, na yakiwa mengi wanasema majicho. Mlengaji anachungulia ndani ya kitundu, anaona pete ya mbele kwenye mdomo wa mtutu, na ndani ya pete anaona duara jeusi la shabaha. Jicho lina vifundo viwili. Cha juu kinapandisha na kushusha. Cha pembeni ni cha kulia na kushoto. Ukikigeuza kinalia — tik. Mlio mmoja unasogeza risasi milimita mbili kule mita hamsini. Milio minne, umevuka pete moja ya alama.

Na katika klabu hii mlengaji hagusi kifundo. Kamwe. Zamani mtu mmoja alikizungusha kwa hasira mpaka skrubu ikaruka, tangu siku hiyo ikawa sheria. Mlengaji analala kifudifudi na bunduki yake, fundi anapiga magoti kando yake, anageuza. Baba amepiga magoti hayo miaka thelathini.

Nahodha wa timu ya wanawake, mwenye bunduki namba saba, amenipa glavu yake ya zamani. Amesema mikono yangu itaharibika. Hakuna aliyewahi kunipa kitu bila kuombwa. Nimeshindwa hata kusema asante, nimeinama tu kama mtu anayetafuta sindano.


Jumanne, 5 Machi

Baba amenifunga macho kwa kitambaa cha mafuta. Akabana jicho moja bovu kwenye jiliwa, akaniambia nigeuze huku nikihesabu milio kimoyomoyo. Nikikosea, ufito wa kusafishia mtutu unashuka kwenye vidole.

Nimekosea mara sita.

Anasema fundi wa kweli hatazami, anasikiliza. Kutazama ni kwa watu wa sinema.

Mara ya saba sikukosea. Amenifungua kitambaa tu. Kwa Baba hiyo ni sifa — nadhani.


Alhamisi, 7 Machi

Majicho mapya yamefika! Sita, kila moja ndani ya kisanduku chake cha sponji, jeusi, zito, linang'aa kama mbegu ya mpapai. Nahodha amelishika la kwake kama mtu anayepokea mtoto. Baada ya wiki mbili ana mchujo: risasi arobaini, akipata alama mia tatu themanini kati ya mia nne anakwenda kambi ya taifa. Mwaka jana alikosa kwa alama mbili.

Baba amefunga la kwanza kwenye namba saba. Kisha ameniambia nimsomee kilichochorwa kwenye kifundo cha pembeni. Nilidhani ananipima. Nimesema kuna R, na mshale unaoelekea mbele, upande wa mdomo wa mtutu. Kuna L, na mshale unaorudi nyuma, upande wa mlengaji. R ya kulia, L ya kushoto, hata mtoto wa darasa la tatu anajua.

Amesema basi ni yaleyale ya zamani, kilicho kipya ni sanduku.

Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi ya maelezo, lugha ambayo hakuna anayeijua hapa. Baba ameniambia nifutie grisi. Sikufutia. Iko mfukoni mwa koti.


Ijumaa, 8 Machi

Nimeelewa kitu. Nimekielewa peke yangu!

Lugha ya karatasi sijui, lakini picha haihitaji lugha. Imechorwa shabaha, na tundu la risasi limekaa kulia. Kando yake imeandikwa R na mshale. Chini, shabaha nyingine, tundu limekaa kushoto — L na mshale. Nimekaa chooni na karatasi hiyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Kwenye majicho ya zamani mshale wa R unasema: geuza hivi, risasi itakwenda kulia. Kwenye haya mapya unasema: risasi ikikaa kulia, geuza hivi, itatoka huko. Yaani herufi inataja ugonjwa, haitaji dawa. Ni kinyume kabisa!

Sikuamini picha peke yake. Baba mwenyewe amenifundisha kwamba jicho likisogea kulia risasi inalifuata, kama kifaranga na mama yake. Basi alipokwenda kunywa chai nimegusa namba saba. Ndiyo, nimegusa. Nimegeuza mbele, kama mshale wa R unavyosema, milio ishirini, na nimetazama kitundu dhidi ya vile vimistari vidogo vya kipimo. Kimekwenda kushoto. Nimerudisha ishirini, kimerudi kwenye sifuri.

Kesho nitamwambia. Nimeshapanga maneno. Baba, naomba nikuonyeshe kitu. Si magumu hayo.


Jumamosi, 9 Machi

Sitasema tena neno mahali popote.

Nilingoja tuwe wawili. Hatukuwa wawili asubuhi nzima. Nahodha alikuwepo, Meneja alikuwepo, walengaji wanne wamejaa mlangoni wakingoja kuanza kuyajaribu Jumatatu, na Baba anawaeleza mishale: R inapeleka kulia, L inapeleka kushoto. Nikasikia sauti, ikawa yangu — hapana, ni kinyume.

Baba hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Amegeuka taratibu, amesema jamani njooni, Bubu amesema. Amegeuza kreti ya soda juu chini, amenishika kiwiko, amenisimamisha juu yake. Akaniambia nifundishe. Polepole, kwa sababu yeye ni mwanafunzi mgeni, ana miaka thelathini tu darasani.

Nilifungua mdomo. Nikasema u-u-ugonjwa. Neno la dawa halikutoka.

Mmoja akauliza kama ninaumwa. Hapo wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nahodha naye alicheka, amefunika mdomo kwa mkono, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Baba ameniacha juu ya kreti. Kila aliyeingia karakana aliambiwa amsalimie mwalimu. Nilishuka saa sita, walipokwenda kula.


Jumapili, 10 Machi

Mama anasema mkubwa havuliwi nguo hadharani. Nikamwambia sikumvua, nilimwambia ukweli. Amesema ukweli una miguu, ungeweza kungoja mpaka nyumbani.

Nimemwonyesha karatasi. Hakuitazama. Amesema nyumba hii tuko kwa sababu ya mikono ya baba yako, wewe na mishale yako mtatulaza wapi?


Jumatatu, 11 Machi

Mazoezi ya kwanza na majicho mapya. Baba amenipa darubini, ile ya miguu mitatu ya kutazamia shabaha. Nahodha amelala, Baba amepiga magoti kulia kwake, mimi nimekaa nyuma na daftari. Kazi yangu ni kusema tundu limekaa wapi. Baba anageuza. Ndivyo tutakavyokuwa hata kwenye mchujo.

Risasi tatu za kwanza: tisa, tisa, tisa, zote kulia. Nimesema kulia, pete moja. Baba amegeuza milio minne kwa mshale wa L. Nane, kulia. Nimesema imezidi kulia. Ameniuliza kama darubini nimeishika miguu juu. Watu wakacheka. Akageuza minne tena. Saba. Kulia.

Baba akamwambia Nahodha anavuta kifyatuo kama anayekamua ng'ombe. Kwamba amezeeka mkono kabla ya uso. Alimsema hivyo nusu saa, polepole, kila risasi na neno lake. Shabaha zilivyozidi kwenda kulia ndivyo maneno yalivyozidi utamu. Nahodha amepiga risasi za mwisho huku machozi yanalowesha kitako cha bunduki.

Na mimi nilikaa kimya. Nilijua, nikakaa kimya. Alinicheka juzi. Nilisema moyoni: lia.

Lakini si hilo ninalotaka kuliandika. Ni hili. Mazoezi yote hayo, Baba hakuweka jicho lake kwenye darubini hata mara moja. Fundi ambaye risasi zinamkimbia, hatazami? Na alipogeuza kifundo hakukitazama. Kidole gumba kilikuwa kinapapasa mshale, kama mtu anayetafuta swichi gizani.


Jumanne, 12 Machi

Nimempima.

Glasi yake ya chai huwa kwenye kona ya meza, kando ya jiliwa. Leo nimeisogeza shibiri moja, mbele ya macho yake, nikiwa namtazama. Mkono wake umekwenda konani. Umeshika hewa. Ukapapasa, kushoto, kulia, vidole vinatembea mezani kama kaa. Akaniuliza nimeweka wapi chai. Ningeweza kusema. Nilimwacha apapase mpaka akaigonga ikamwagika mapajani. Ilikuwa ya moto.

Kumbe. Kadi za bunduki ninazoandika mimi kwa sababu eti mwandiko wangu ni mzuri. Kumsomea mshale. Kitambaa cha mafuta — fundi hatazami, anasikiliza. Hakuwa ananifundisha kazi. Alikuwa ananionyesha anavyoishi.

Nilipaswa kumhurumia. Nimekaa hapa nangoja huruma ije. Inakuja kidogo, kisha nakumbuka kreti.


Alhamisi, 14 Machi

Kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Ni bahati naandika kwa wa kulia.

Asubuhi mambo yalikuwa yaleyale: risasi kulia, Baba anageuza kwa L, risasi zinazidi kulia, Nahodha anatukanwa. Meneja alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. Nikaona nyumba yetu machoni mwake. Walipopumzika nilipewa namba saba niifute. Nikajikohoza kufunika milio, nikageuza mbele. Minne ya kufuta kosa la Baba, minne ya kuponya. Minane.

Risasi tano zilizofuata: kumi, kumi, tisa, kumi, kumi. Nahodha amepiga kelele, amemkumbatia Baba kwa mikono yake yenye jasho. Meneja akasema mzee bado ana mkono. Baba akatabasamu, akasema majicho ni kama wake, yanataka kuzoeana na bwana. Wakacheka.

Walipoondoka wote Baba amefunga mlango wa karakana. Amesema: nimesikia milio minane.

Nilidhani atauliza. Badala yake ameushika mkono wangu, anajua vidole vyangu vilivyo, hakupapasa hata kidogo. Ameweka kimoja kati ya meno ya jiliwa, akazungusha mpini mpaka chuma kikagusa ngozi pande zote mbili. Akaniambia nihesabu. Kila robo ya mzunguko ni mlio mmoja. Akauliza: kweli mshale wa R unatoa kulia? Nikasema ndiyo. Robo. Umeona kwa macho yako? Ndiyo, kitundu kinasogea kushoto. Robo. Nani mwingine anajua? Hakuna. Robo. Na mimi, unajua nini juu yangu?

Nikasema sijui kitu. Akangoja. Nikasema: huoni, Baba, huoni vitu vidogo. Robo.

Hakuwa na hasira. Alikuwa anasikiliza, kichwa kimeinama, kama anavyosikiliza skrubu ikikaribia kukaza. Tulifika sita.

Mama amefunga kidole kwa kitambaa safi, amesema nikiulizwa niseme mlango.


Ijumaa, 15 Machi

Kucha imekuwa nyeusi.

Meneja ameniita ofisini kwake. Ameuliza kidole, nimesema mlango. Akaniuliza kwa upole kama baba yangu anaona vizuri. Amesema Jumatatu na Alhamisi asubuhi hakuelewa alichokuwa anakitazama. Amesema kuna fundi mwingine, kijana, anaweza kuanza mwezi ujao, na fundi huyo ana mke na atahitaji nyumba. Mchujo ndio utakaoamua: Nahodha akifika mia tatu themanini, Baba abaki. Asipofika kwa sababu ya jicho, Baba apumzike.

Nimesema anaona. Anaona vizuri, shikamoo, kwaheri. Nimemwamkia wakati wa kuondoka! Mjinga mimi.


Jumatatu, 18 Machi

Baba ameniketisha jikoni, Mama ametumwa dukani. Ameweka namba saba juu ya magoti yake. Amesema maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Amesema mkono wake una miaka thelathini ya mishale ya zamani. Ukimwambia kulia, mkono unakwenda wenyewe, hauulizi. Kwa hiyo siku ya mchujo nisimwambie kulia, nisimwambie kushoto. Nitazame shabaha, nitazame bendera za upepo, nifanye hesabu mimi, kisha nimnong'oneze maneno mawili tu: mbele au nyuma, na milio mingapi. Yeye atageuza. Watu wataona fundi anageuza.

Tumefanya mazoezi saa nzima. Risasi kulia: mbele. Risasi kushoto: nyuma. Mbele minne. Nyuma miwili. Sauti yangu haikukwama hata mara moja. Nimegundua nikinong'ona sigugumii.

Mwisho nimesubiri aseme kitu. Pole ya kidole, kwa mfano. Amesema nikikosea, wa kwanza kulala nje ni mama yangu.

Halafu akaniambia nimsogezee kiti. Nimemsogezea. Palepale alipo, sikucheza.


Alhamisi, 21 Machi

Siku tatu za mazoezi, tisini na sita kwa mia, tisini na saba. Nahodha anaimba akifunga mikanda. Baba jana ameniletea stuli ya kukalia nyuma ya darubini, ameikatia miguu mwenyewe ilingane na urefu wangu. Imepinda kidogo. Nimekaa juu yake leo kama malkia.

Labda ndivyo inavyoanza. Labda mtu anaweza kuwa jicho la mtu, na ikawa ni kazi ya heshima.


Ijumaa, 22 Machi

Saa tatu asubuhi. Naandika nyuma ya daftari la risasi, Meneja anadhani nanoa penseli na kupanga mistari. Mchujo umeanza! Bendera zinaelekea kulia, upepo mwepesi. Nahodha kapauka. Sheria ya leo: mlengaji akiwa kwenye mstari haongei. Wanaojua alama zake ni Baba na mimi tu, na Meneja aliyekaa upande wa pili na daftari lake.

Risasi za majaribio zimekaa kulia. Nimenong'ona: mbele, mitatu. Tik tik tik. Kumi.

Saa nne kasoro. Ishirini za kwanza zimekwisha. Mia moja tisini na moja! Akiendelea hivi anavuka. Mapumziko dakika kumi na tano. Baba amenigusa bega aliposimama. Sijui kama alikuwa anatafuta mahali pa kujishikiza. Nakwenda karakana kuchukua kitambaa.

Bado mapumziko. Naandika haraka.

Sikuingia karakana. Nilikuwa chini ya dirisha la wavu; Baba, Meneja na Nahodha walikuwa ndani. Meneja alikuwa anamsifu. Akasema samahani mzee, wiki ile risasi zilipokimbia nilianza kufikiri vibaya. Baba akacheka. Akasema si wewe peke yako, hata mimi nilijishangaa, kumbe ni huyu mtoto. Kila nikigeuka, anagusa kifundo. R na L zinamchanganya, hana kichwa, nilimbeba kwa huruma tu. Sasa simruhusu kutoka nyuma ya darubini, nimwone alipo. Jumapili namrudisha kwa shangazi yake akaoshe vyombo, huko vyombo havina mshale.

Kisha sauti ya Nahodha, na kicheko kile kile cha mabega. Amesema: "Kumbe Bubu! Na mimi nimelia wiki nzima nikidhani ni mkono wangu."

Wametoka. Nahodha amenipita, amesimama, amerudi. Ameninyooshea kiganja. Ameitaka glavu yake. Nimeivua. Ilinasa kwenye kucha nyeusi, ameivuta.

Ameitia kwenye begi lake, akaenda zake.

Saa nne na dakika kumi. Tumerudi kwenye mstari. Nimekaa kwenye stuli iliyopinda.

Upepo umegeuka. Bendera zote zimelala kushoto sasa, zimenyooka, ni upepo wa nguvu. Meneja anatafuta kitu kwenye begi lake, bado hajazitazama. Nahodha amelaza shavu kwenye kitako. Anaruhusiwa risasi mbili za majaribio kabla ya ishirini za mwisho. Amepiga zote mbili. Nimeziona kwenye darubini: nane, nane. Kushoto. Zimekaa pamoja kama meno mawili.

Hesabu ni rahisi. Pete mbili, milio minane, nyuma. Hata nikiamshwa usingizini: risasi kushoto, nyuma.

Nikimwambia mbele, nane inakuwa sita. Risasi ishirini.

Naona mambo yote kwa pamoja, yamepangwa vizuri kama shabaha ukutani. Nahodha akilala pale hawezi kusema neno. Meneja na daftari. Fundi kijana na mke wake. Mama amebeba sufuria. Sijui nitalala wapi mimi. Kwa shangazi, si nimeshapelekwa?

Baba amepiga magoti. Mkono uko kwenye kifundo. Ameinamisha sikio lake kwangu, sikio zuri, lina nywele nyeupe ndani. Anangoja.

Nimenong'ona: mbele, minane. Sikugugumia.

Mkono haujageuka.

Upepo unampiga shavu la kulia. Nusu saa iliyopita ulikuwa unampiga la kushoto, anausikia. Mkono wake wa miaka thelathini unapenda neno nililomwambia, ndivyo ungegeuza wenyewe. Lakini kichwa kinajua kwamba mkono huo ni wa mishale ya zamani. Namwona anahangaika hapo katikati. Kidole gumba kinapapasa kifundo, kinatafuta ile herufi, inateleza.

Meneja ameinua uso.

Baba amegeuza kichwa upande wangu. Macho yake yametua kwenye bega langu, sio usoni. Amesema, chini sana:

"Una hakika, mwanangu?"

Mwanangu. Nimerudi nyuma kurasa zote kichwani. Hajawahi.

Nimeitikia kwa kichwa. Nimekiinamisha mara mbili, wazi kabisa, na nimekaa nangoja milio minane.

Hakuna tik.

Kisha nimekumbuka — haoni. Bado ameinamisha sikio. Anangoja sauti.